Bumu Lisiishie Studio: Demo ni Andalio, Siyo Albamu

Kila bumu linapoingia, mambo mawili hutokea hapa chuoni bila kukosa. La kwanza, foleni ya wakala wa pesa pale getini hurefuka mpaka barabarani. La pili, wana kadhaa hupotea siku mbili tatu, na wakirudi wanarudi na wimbo kwenye simu. "Sikia hii, nishatuma kwa lebo, nasubiri majibu tu." Anakuwekea spika, biti inagonga, vichwa vinatikisika. Ukimuuliza imekula kiasi gani, anakutajia hela ambayo ingemlisha wali maharage mwezi mzima na chenji ikabaki. Ukimuuliza wimbo ni wa nani kati yake, prodyuza na yule rafiki aliyemwandikia ubeti wa pili, anakutazama kama umemuuliza swali la mtihani wa kozi asiyoisoma.

Wanachuo wenzangu, hoja yangu ni fupi. Wengi wetu tunaandaa demo kinyumenyume. Hela tunaimwaga mahali pasipohitaji hela, na mahali panapohitaji akili na karatasi moja hatutoi hata nusu saa. Halafu lebo isipojibu tunasema Bongo hakuna haki, bila koneksheni hutoki.

Mimi nasomea ualimu, nina miaka ishirini na miwili. Muziki nimeukuta kwenye kwaya, na hapa chuoni naimba viitikio vya wenzangu wakinihitaji. Tangu mwaka wa kwanza nimekaa sana kwenye vimbweta nikisikilizishwa demo za watu, na kila mara nakumbuka kitu kimoja tunachofundishwa darasani: andalio la somo. Andalio siyo somo lenyewe, na hakuna mwalimu anayelipamba kwa dhahabu. Kazi yake ni kumwonyesha anayekukagua kwamba unajua unakwenda wapi na wanafunzi. Demo ni hivyohivyo. Ni onyesho la kwamba una sauti, unajua kutunga, na una kitu ambacho wengine kumi waliotuma wiki hiyo hawana.

Tuanze na hela. Lebo yoyote yenye maana ina maprodyuza wake au inawajua wa kuwaita. Wakikupenda, wimbo wako kuna uwezekano mkubwa utarekodiwa upya, biti itabadilishwa, pengine hata kiitikio kitahamishwa. Sasa wewe umelipia miksi, umelipia masta, umelipa na nauli ya kwenda kurudi mara nne, kwa ajili ya kitu kitakachofumuliwa. Masta ni kazi ya wimbo unaokwenda kwa watu. Wengi wanaililia ili wimbo "upige kwa nguvu" kuliko wa jirani, wakati Spotify kwa kawaida inasawazisha nyimbo zote kwenye kiwango cha karibu -14 LUFS, uwe umepiga kelele au umenong'ona. Kama hata kwenye wimbo uliokamilika kelele haikupeleki mbali, kwenye demo itakupeleka wapi?

Sisemi demo iwe chafu. Kuna tofauti kati ya safi na ghali. Safi maana yake maneno yanasikika, sauti haipasuki, feni haivumi nyuma, na jirani hakohoi katikati ya ubeti. Hayo yote yanapatikana hosteli usiku watu wakishalala. Zima feni. Simamisha magodoro mawili pembeni yako, tundika blanketi mbele, ili sauti isirudi kutoka ukutani. Simu iwe karibu na mdomo, umbali wa kama shubiri moja, ielekeze pembeni kidogo ili herufi p na b zisipige kishindo. Programu ya BandLab ni ya bure na inaingia kwenye simu ya kawaida. Mwenye kompyuta anaweza kutumia Audacity, nayo ya bure. Rekodi wimbo mara mbili: mara moja juu ya biti, mara moja sauti tupu na gitaa, au hata makofi. Hiyo ya pili ndiyo inayosema ukweli. Pale hakuna pa kujificha, na msikilizaji mzoefu anaweza kuipenda kuliko ile yenye makorokoro.

Tukienda kwenye mazoezi ya kufundisha, mkaguzi huingia, hukaa dawati la nyuma, huomba andalio. Kipindi cha pamoja ni dakika 80, lakini dakika chache za mwanzo zinamtosha kujua kama darasa unalo au halipo. Anayesikiliza demo ana haraka kuliko huyo mkaguzi. Kwa hiyo usimwanzishie na sekunde arobaini za kinanda, halafu jina la prodyuza linatajwa mara tatu, halafu wewe unasalimia mikoa yote kuanzia Kigoma mpaka Mtwara. Wimbo mzuri kuliko zote uwe wa kwanza. Sauti yako isikike mapema. Nyimbo tatu zinatosha, na ziwe tofauti kidogo ili zionyeshe upana wako. Mtu anayetuma nyimbo kumi na mbili anamwachia msikilizaji kazi ya kuchagua, na mwenye kazi nyingi hachagui, anafunga.

Sasa tuje kwenye biti. Mwenzetu mmoja wa mwaka wa pili, namficha jina, alishusha biti kutoka YouTube, akaandika juu yake wimbo mtamu kweli. Hosteli nzima tulikuwa tunauimba bafuni. Mtu wa lebo moja ndogo akamrudia, akasema anaupenda, akauliza biti ni ya nani. Kumbe mwenye biti alikuwa ameiweka kwa matumizi ya bure yasiyo ya biashara tu, na leseni za kulipia alishawauzia watu kadhaa, kila mmoja ana haki ya kuitumia. Lebo haikuweza kuutoa wimbo kama ulivyo, na mwenzetu hakuwa na rekodi ya sauti yake peke yake iliyo safi ya kujengea biti mpya. Alikuwa na faili moja tu la MP3, kila kitu kimechanganywa. Mazungumzo yakapoa, mpaka leo. Hapo nani kamchawia? Hakuna. Kilichokosekana ni mambo mawili ya bei rahisi: kusoma masharti ya biti, na kuhifadhi kila sauti kwenye faili lake.

Ndiyo maana nasema, hata ukienda studio, patana kabla hujafungua mdomo. Muulize prodyuza: nikishalipa, napewa vipande vyote au napewa wimbo uliokamilika tu? Biti ni yangu peke yangu, au kesho nitaisikia kwa mtu wa Mbeya? Akisema vipande ni hela nyingine, sawa, hiyo ni biashara yake, lakini ujue mapema. Mafundi nguo wanatuuliza kitambaa kinachobaki tunakichukua au tunakiacha. Sisi kwenye muziki tunaona aibu kuuliza.

Twende kwenye karatasi, maana hapa ndipo panapouma. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, namba 7 ya mwaka 1999, inakulinda kwa sababu umeibuni kazi. Hulazimiki kuisajili kwanza ndipo iwe yako. Lakini haki bila ushahidi ni sawa na kusema "nilihudhuria" wakati hukusaini daftari la mahudhurio. Kuandikisha kazi COSOTA kunakupa ushahidi huo. Na kabla hujafika COSOTA, kuna kitu unaweza kufanya leo kwenye kimbweta: chukua karatasi, andika jina la wimbo, tarehe, nani katunga maneno, nani katunga sauti, nani katengeneza biti, na kila mmoja ana asilimia ngapi. Wote wasaini, kila mtu aipige picha. Dakika kumi zinatosha.

Ukiona hiyo ni mikogo, kumbuka wimbo wa "Malaika". Karibu kila harusi ya ukanda huu umeimbwa, na wasanii wa dunia nzima wameurekodi. Fadhili William aliurekodi Kenya miaka ya sitini na jina lake ndilo likajulikana; Adam Salim, Mtanzania, alisisitiza kwamba yeye ndiye aliyeutunga zamani kabla ya hapo. Wote wametangulia mbele za haki, ubishi bado upo. Karatasi yenye tarehe ingetusaidia sana leo.

Au angalia Afrika Kusini. Mwaka 1939 Solomon Linda na kundi lake walirekodi "Mbube" kwa kampuni ya Gallo. Wimbo ule ukazaa nyimbo nyingine, ukafika Marekani, ukaingia kwenye filamu, ukaingiza mamilioni. Linda alikuwa ameuachia kwa malipo kidogo, akafariki mwaka 1962 akiwa maskini. Binti zake walikuja kupata mapatano mwaka 2006, baada ya kesi. Hesabu wewe mwenyewe ni miaka mingapi.

Sasa mtu atasema hizo ni za kale. Za sasa tunazijua pia. Harmonize alitoka WCB Wasafi mwaka 2019, na mwenyewe amesema hadharani kwamba kuvunja mkataba kulimtaka alipe shilingi milioni 500. Sitaki kuhukumu nani alikuwa sahihi. Lebo ilimtoa kijana asiyejulikana, ikamlipia video na safari, na inayo haki ya kutaka kilichowekezwa kirudi. Lebo siyo shetani. Ni mwekezaji, na mwekezaji ana mahesabu. Ninachosema ni kwamba na wewe uwe na mahesabu. Demo ikijibiwa, kinachofuata ni karatasi, na karatasi ile itauliza mambo ambayo ulitakiwa uyajue siku unarekodi. Rekodi itakuwa mali ya nani? Utunzi je, maana rekodi na utunzi ni haki mbili tofauti? Mkataba ni wa miaka mingapi, na ukitaka kutoka unatokaje? Aliyezoea kujiuliza hayo kwenye demo hatetemeki mbele ya mkataba. Aliyezoea "tutaelewana mbele ya safari" atasaini akiwa amesimama.

Kuna hoja mbili dhidi yangu, na zote nimezisikia kwa watu ninaowaheshimu.

Ya kwanza inasema demo imekufa. Siku hizi lebo haisikilizi, inahesabu wafuasi. Kuna ukweli. Mbosso alipotambulishwa WCB mwaka 2018, tayari nchi ilikuwa inamjua kupitia Yamoto Band. Lebo inapenda mtu aliyekwisha kupimwa. Lakini fuata hoja hiyo mpaka mwisho wake. Kama lebo inataka uanze mwenyewe, basi utatoa nyimbo mwenyewe, na kutoa mwenyewe kunahitaji yaleyale: biti yenye leseni, vipande vilivyohifadhiwa, asilimia zilizoandikwa, na namba ya ISRC, ile ya herufi na tarakimu 12 inayotambulisha rekodi yako popote inapopigwa. Maandalizi ya demo ndiyo maandalizi ya kujitegemea. Lebo isipojibu, hujapoteza kitu.

Ya pili inasema: "Dada, ushindani mkubwa, ukituma kitu cha simu watakucheka." Wanaocheka ni sisi kwa sisi kule kwenye makundi ya WhatsApp. Anayetafuta sauti anasikiliza sauti. Na hata ukiamua kwenda studio, nenda na wimbo uliokwisha kupimwa. Tengeneza demo tano za simu, wasikilizishe watu watano wasiokuogopa wala kukutaka, ona ni upi wanauimba kesho yake bila kukumbushwa. Huo ndio uulipie. Kwenye ualimu tunaita majaribio: hutoi mtihani wa taifa kabla ya zoezi la darasani. Kinachonisikitisha ni kuona mtu anakopa hela ya ada kwa wimbo ambao hata mwenzake wa chumbani hajauelewa, halafu Januari anahangaika na usajili na sapu mbili juu.

Kuhusu kutuma. Usitume ujumbe wa sauti wa WhatsApp, unaibana sauti mpaka inakuwa kama ya redio ya mbao; tuma faili kama hati, au tuma kiungo kinachofunguka bila kuomba ruhusa. MP3 ya 320 inatosha, na WAV uwe nayo wakiihitaji. Jina la faili liwe jina lako na la wimbo, siyo "final final 3". Ujumbe uwe mistari mitano: wewe ni nani, unaimba nini, nyimbo zipi, namba ya simu, na kwamba haki zote za biti umezilipia. Usilie. Habari za maisha magumu wanazipokea kila siku, na hazina melodi. Halafu soma lebo unayoitumia: usimpelekee mtu wa singeli wimbo wa kwaya ukategemea muujiza.

Na hapa naomba niseme jambo ambalo sisi wasichana tunanong'onezana tu. Ukishaanza kutuma demo, watajitokeza watu wanaojiita mameneja, maskauti, sijui watu wa karibu wa fulani. Mmoja atataka "ada ya kusikilizwa". Mwingine atakwambia demo yako nzuri ila mje muisikilize pamoja, saa tatu usiku, mahali fulani penye vyumba. Wimbo unasikilizwa kwa masikio. Hauhitaji nyumba ya wageni. Anayetumia cheo au nafasi yake kudai mwili ili akupe upendeleo anatenda kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Tunza jumbe zake. Usiende peke yako kwenye kikao chochote cha muziki, hata kiwe mchana. Na ninyi kaka zetu, mkimfahamu mtu wa aina hiyo, msimwite "mjanja wa mji".

Mwisho nina ombi kwa serikali yetu ya wanafunzi, maana gazeti hili ni lao na letu. Kila mwaka tunakusanya hela na kumlipa msanii wa nje aje kuwakaribisha mwaka wa kwanza. Anaimba nusu saa, anaondoka, tunabaki na mabango. Sipingi burudani. Naomba sehemu ndogo ya fungu hilo ipate chumba kimoja tulivu, magodoro ya zamani ukutani, kipaza sauti kimoja cha heshima na kompyuta moja, na daftari la kupanga zamu. Naomba jioni moja kwa mwezi ya kusikilizana demo, ambapo ukweli unasemwa bila matusi. Na naomba wenzetu wa sheria watuandalie karatasi moja ya mgawanyo wa haki kwa Kiswahili, na wakae nasi siku moja kwa muhula kutusomea mikataba. Kwao ni mazoezi, kwetu ni kinga. Hakuna hapo kitu kinachohitaji mfadhili.

Wakati tukisubiri kikao kikae, wewe unayeandika mashairi nyuma ya daftari la kozi unaweza kuanza usiku wa leo. Nyimbo tatu. Sauti safi. Biti unayoijua mwenyewe. Karatasi yenye sahihi. Msikilizaji mmoja asiyekudanganya. Bumu lako lilipe ada na chakula kwanza. Kipaji hakitaoza kwa kungoja, ila haki ukishaisaini imekwenda.